Machela ya Usharika Wetu

Machela yetu hukaa nyuma ya kanisa, chini ya upenu wa ofisi ya mchungaji, imetundikwa kwenye misumari mikubwa ili mchwa wasiifikie. Ni miti miwili ya mkaratusi yenye urefu wa hatua nne hivi, iliyounganishwa kwa turubai nene la lori ambalo fundi viatu alilishona mara mbili. Ina mikanda mitatu ya kumfunga mgonjwa asiteleze tunaposhuka. Kando yake kuna sanduku lenye blanketi mbili, mwavuli, tochi za kichwani na mfuko mdogo wa glavu. Wageni wanaokuja ibadani huiona wakadhani ni ya mazishi. Tunawaambia hapana, hii ni ya walio hai.

Sisi tunaoandika ni kikundi cha watu kumi na sita wa usharika mmoja wa milimani, Upareni. Tumeombwa tuandike juu ya imani. Elimu ya teolojia hatuna. Tuna mwalimu mmoja wa shule ya msingi anayeshika kalamu kwa niaba yetu, tuna muuguzi mkunga mstaafu ambaye wote tunamwita Mama Mkunga, vijana wawili wa bodaboda, mzee wa kanisa ambaye ni fundi wa kuezeka, na waliobaki ni wakulima wa tangawizi na migomba. Kwa hiyo tutaandika juu ya imani kwa kupitia lile tunalolifanya, yaani kumfikisha mgonjwa kwenye matibabu kabla muda haujamwishia. Tunawahudumia zaidi wale wanne ambao mlima huu huwaonea: mama mjamzito, mtoto mchanga, mtoto mdogo na mzee.

Habari tunayoisoma mara nyingi kuliko zote ni ile ya Marko 2, ya mtu mwenye kupooza aliyechukuliwa na watu wanne. Wahubiri wengi hukaa sana kwa yule mgonjwa na msamaha alioupata, na ni haki yao. Sisi tunakaa kwa wale wanne. Mwinjilisti hawataji majina wala hatuambii kama walisema neno lolote. Lakini anaandika kwamba Yesu aliiona imani yao. Hakuisikia, aliiona, na aliiona ikishuka kutoka darini na vumbi likimwangukia kichwani. Fundi wetu wa kuezeka, kila tunapofika hapo, huuliza nani aliyelipia paa lile. Tumezoea, tunacheka, lakini swali lake si la mchezo. Kumwokoa mtu kuna gharama, na lazima pawe na mtu aliyeifikiria mapema.

Kikundi hakikuanza kwa urahisi. Katika kikao cha kwanza walikuwapo wazee waliosema jambo lenye uzito, na hatutaki kulidharau: mgonjwa akizidiwa, kanisa liombe kwanza, maana mponyaji ni Mungu. Wengine, hasa vijana, walisema mgonjwa apelekwe kwanza, maombi yafuate. Kikao kilikaa mpaka giza likaingia. Ndipo Mama Mkunga aliposimama akauliza, "Ndugu zangu, mama aliyejifungua akianza kutokwa na damu isiyokatika, mnajua ana muda gani?" Hakuna aliyejibu. Akasema kwamba mwanamke mwenye afya njema, aliyeingia kwenye uchungu akiwa anaimba, anaweza kufa ndani ya saa mbili. Saa mbili ni ibada yetu ya Jumapili pamoja na mnada.

Mchungaji alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi tutaomba tukitembea."

Huo ndio utaratibu wetu hadi leo. Anayebeba mbele upande wa kulia ndiye anayeongoza sala, kwa sababu njia yetu imebanwa na mlima upande wa kushoto na aliye kulia hupata hewa zaidi. Sala huwa fupi. Kwenye ule mteremko hakuna mwenye pumzi ya maneno mengi, na tumeona kwamba sala haipungui kitu kwa kuwa fupi. Nyumbani nako hubaki kundi la akina mama wanaoomba na familia, na kupika, na kuangalia watoto wengine. Wao pia wamebeba.

Wataalamu wa afya ya uzazi, tangu mwaka 1994, wamekuwa wakieleza vifo vya akina mama kwa ucheleweshaji wa aina tatu. Wa kwanza uko nyumbani, katika kuamua kwenda. Wa pili uko njiani. Wa tatu uko kwenye kituo chenyewe, mtu amefika lakini damu haipo, au mtaalamu hayupo, au dawa imekwisha. Watu wanaotuona na machela hudhani tunashughulika na ule wa pili tu. Kwa kweli muda mwingi hupotea sebuleni kuliko njiani. Mume yuko Mererani au Dar es Salaam na simu yake haipatikani. Mama mkwe anasema tusubiri kupambazuke. Shemeji anasema fedha ziko kwa kaka. Mjamzito mwenyewe, ambaye ndiye anayeumwa, hana sauti katika mazungumzo yote hayo.

Kwa hiyo tulianza kazi mahali ambapo haionekani. Mama akiwaambia wenzake wa umoja wa wanawake kwamba ana ujauzito, wawili wetu humtembelea nyumbani. Tunakaa na mume, na kama yuko mbali tunaweka simu mezani yenye sauti kubwa ili wote wasikie. Tunauliza mambo matatu. Tatizo likitokea usiku, nani anaamua? Fedha ya akiba iko wapi? Nani atakwenda naye na yuko tayari kutoa damu? Majibu huandikwa kwenye daftari. Ruhusa hutolewa mchana, watu wamekula na kutulia, na si saa nane za usiku mbele ya mtu anayelia.

Si kila nyumba ilitupokea. Bibi mmoja wa mtaa wa juu alituambia yeye amezaa watoto tisa chini ya migomba hii hii bila machela ya mtu, hawa wa leo wana nini? Mama Mkunga, ambaye ni mdogo kwake, alimwamkia tena shikamoo, akakaa kwenye kigoda karibu naye, akamuuliza kwa upole, "Bibi, wako hai wote tisa?" Alikaa kimya muda mrefu akichambua maharage yake. Kisha akasema, "Sita." Siku hizi ndiye anayetupigia simu kabla ya wengine wote, mara nyingine hata pasipo sababu, na hatumlaumu.

Kuna dalili ambazo tumezikariri kama tulivyokariri Katekisimu Ndogo ya Luther. Mjamzito anayeumwa kichwa kikali kisichotulia, anayeona ukungu au vimulimuli, aliyevimba uso na mikono, au anayesikia maumivu juu ya tumbo, haachwi alale mpaka asubuhi. Hicho ni kizingiti cha kifafa cha mimba. Iko dawa yake, magnesiamu salfeti, na majaribio makubwa yaliyotangazwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba huzuia degedege hilo kwa zaidi ya nusu ya wale ambao lingewapata. Lakini dawa hiyo iko kwenye kituo, haipandi mlima. Kutokwa na damu wakati wowote wa ujauzito, maji kuvunjika bila uchungu kufuata, homa, mtoto kuacha kucheza tumboni, hayo nayo hayasubiri. Na tukimbeba mjamzito mwenye mimba kubwa tunamlaza ubavu wa kushoto, tukimwegemeza kwa blanketi lililokunjwa, maana akilala chali uzito wa mimba hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Jambo dogo kama hilo hakuna aliyetufundisha tukiwa vijana, na machela ilikuwapo tangu zamani za babu zetu.

Tunamshukuru Mungu kwa namba 115. Wengi wenu mnaifahamu. Ni namba ya bure ya mfumo wa m-mama, ulioanza kwa majaribio Kanda ya Ziwa kabla ya kuenea nchini. Unapiga, unaulizwa maswali, na kama ni mama mjamzito, au aliyejifungua hivi karibuni, au mtoto mchanga, wanatafuta gari la wagonjwa. Likiwa mbali wanampigia dereva wa eneo hilo aliyesajiliwa, naye hulipwa kwa simu. Familia haitoi nauli. Kwetu gari haliwezi kufika mlangoni, kwa hiyo sisi tunashusha na gari linatusubiri pale barabara inapoishia. Anayepiga simu hapaswi kuwa mbebaji, kwa sababu mbebaji anahema na maneno yake hayaeleweki. Kazi hiyo ni ya mwalimu.

Na kengele. Kengele ya kanisa letu ni rimu ya gari kuukuu inayoning'inia kwenye mparachichi. Kwa ibada hugongwa mfululizo, kwa msiba pole pole. Kwa machela hugongwa tatu, kimya, tatu. Hata ndugu zetu Waislamu wa bondeni wanaijua, na usiku mmoja wa mvua wabebaji sita wa kwanza kufika, wanne walikuwa wametoka msikitini kwao.

Mtoto mchanga ana saa yake tofauti. Ya mama tunaihesabu kwa saa, ya mtoto asiyelia ni dakika moja. Mama mmoja alitushinda mbio, akajifungua katikati ya njia, kwenye ukungu wa mwezi wa sita ambao huku kwetu ni baridi ya kuuma meno. Mtoto alitoka mlegevu, rangi ya bluu, bila sauti. Tulishika mwavuli na tochi. Mama Mkunga alimfuta kwa kanga kavu, akamsugua mgongo, akamlaza, akanyoosha kichwa chake vizuri, akaweka ule mpira wa kupumulia usoni pake, akaanza kubonyeza. Alikuwa akihesabu kwa sauti ya kawaida kama mtu anayehesabu mayai. Kijana wetu mmoja wa bodaboda alisema baadaye kwamba alijaribu kuomba akashindwa hata kulikumbuka jina la Mungu, akabaki anahesabu naye. Tunaamini hiyo ilihesabiwa kuwa sala. Kabla dakika ya pili haijaisha mtoto alipiga chafya, halafu akalia. Sasa ana miaka minne na ni mwizi wa miwa.

Mafunzo hayo ya dakika ya dhahabu yalianza kusambazwa duniani mwaka 2010, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuyapima. Matokeo ya hospitali nane za hapa nchini, yaliyochapishwa mwaka 2013, yalionyesha vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vimepungua karibu nusu. Vifaa vyake ni kitambaa kikavu, mpira, kinyago kidogo na mikono iliyofanya mazoezi. Tunaposoma katika Mwanzo kwamba Mungu alimpulizia mtu pumzi puani, tunaisoma sasa kama watu waliowahi kulishuhudia jambo linalofanana nalo wakiwa wamesimama kwenye matope.

Baada ya pumzi, joto. Mtoto hafungwi peke yake kama kifurushi. Anawekwa uchi kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, blanketi juu ya wote wawili. Huo ni uuguzi wa kangaruu, ambao madaktari wa Bogotá, Kolombia, waliuanza mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa sababu walikuwa na watoto njiti wengi na mashine chache. Mama akiwa amezidiwa, kifua cha baba kinafaa. Tulimwona baba mmoja akishuka mlima amemfunga mwanawe ndani ya shati, huku wenzake wakimtania, na hakuwajibu hata mmoja.

Wapendwa, ingekuwa si kweli kama tungeandika habari za kuokoka tu.

Masika moja tulimbeba dada yetu ambaye alikuwa mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya. Alijifungua vizuri nyumbani usiku, kabla ya siku zake, lakini kondo la nyuma halikutoka na damu ikaanza. Ruhusa ilikuwapo kwenye daftari. Simu ilipigwa, 115 walijibu, gari likaondoka. Kengele iligongwa na watu walifika wengi. Mama Mkunga alimpa sindano aliyokuwa nayo ya kukaza mfuko wa uzazi, mtoto akawekwa anyonye maana kunyonya nako husaidia mfuko kukaza. Tulishuka haraka kuliko siku yoyote. Pale kwenye kona ya juu ya mto, mlima ulikuwa umeporomoka. Njia haikuwapo. Tulipitisha machela juu ya tope kwa kupokezana mikono, watu wamejipanga hadi kiunoni, na ilituchukua muda ambao yeye hakuwa nao. Alifariki upande wa pili wa kona, taa za gari zikionekana chini. Aliyekuwa mbele kulia aliendelea kuomba hatua nyingi kabla ya mmoja wetu kumshika bega.

Mtoto aliishi. Analelewa na mama yake mkubwa.

Kwenye maombolezo mtu alisema ni mapenzi ya Mungu, kama kawaida. Sentensi hiyo husemwa kwa nia njema, na wako wanaofarijika nayo. Sisi hatukuweza kuisema. Tulikuwa tumeiona kona. Mapenzi ya Mungu ni fumbo ambalo hatulijui, lakini mporomoko ule tulikuwa tunaujua kwa jina, kila masika huanguka kidogo. Mchungaji katika mahubiri yake ya mazishi hakulifungua fumbo. Alisoma habari za Raheli katika Mwanzo 35, aliyeshikwa na uchungu safarini, kabla ya kufika Efrata. Alikuwapo mkunga aliyemtia moyo asiogope. Mtoto akazaliwa, mama akafa, akazikwa njiani. Yakobo akasimamisha nguzo juu ya kaburi lake. Biblia haisemi Raheli alikosa imani, haisemi Yakobo alikosa kuomba, wala mkunga hakulaumiwa. Inasema tu kwamba umbali ulikuwa umebaki.

Mwezi wa saba, ardhi ilipokauka, kijiji kizima kilitoka kwa msaragambo. Siku sita za majembe na mitaimbo. Tuliikata ile kona ndani zaidi ya mlima, tukajenga ukuta wa mawe chini yake, tukapanda matete kushikilia udongo. Mume wa marehemu alikuja siku zote sita. Hakuimba na wengine lakini alikuja.

Mwaka 2022, utafiti wa taifa wa afya na uzazi ulionyesha vifo vya akina mama nchini vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, wakati ule wa 2015 na 2016 ulikuwa umeonyesha 556. Tulipozisoma takwimu hizo katika kikao tulishukuru, tena kwa makofi. Kisha mtu mmoja akasema, "Na wetu yumo." Yumo katika hesabu ya mwaka wake.

Kwa watoto wadogo hatuna mengi ya kusema kwa sababu mama wa leo wamefundishwa vizuri kliniki. Mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea haamki, huyo anakwenda sasa hivi. Anayepumua haraka tunamhesabia dakika nzima kwa saa: pumzi 50 au zaidi kwa mwenye miezi miwili hadi kumi na mmoja, 40 au zaidi kwa mwenye mwaka mmoja hadi mitano, ni homa ya mapafu mpaka mganga aseme vinginevyo. Anayeharisha hupewa maji ya chumvi na sukari tangu nyumbani na njia nzima, kijiko kwa kijiko. Jambo moja tu linatupa shida bado, nalo ni degedege. Ziko nyumba zinazosema ni pepo au ni ndege wa usiku, na mtoto hufukizwa moshi wa kinyesi cha tembo kabla ya kupelekwa popote. Hatujawahi kugombana nao. Tunafika, tunamgeuza mtoto ubavu, tunatoa kijiko walichokusudia kumtia mdomoni, tunasema tutaomba juu ya hilo pepo njiani, na tunaondoka. Kama ni malaria kali, kituoni watapambana nayo kwa dawa.

Anayecheleweshwa kuliko wote ni mzee, na sababu si barabara.

Mtoto akianguka, nyumba nzima husimama. Mzee akianguka, watu husema ni uzee. Baba mmoja mzee, aliyekuwa mwalimu wa kwaya enzi zake, aliteleza kwenye banda la ng'ombe. Walimkanda kwa maji ya moto siku tatu wakingoja ainuke. Tulipoitwa, mguu mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwenzake na unyayo umegeukia nje. Hiyo ni nyonga iliyovunjika, na mtoto wa shule angeiona kama angefundishwa kuitazama. Bibi mwingine alianza kusema maneno yasiyoeleweka na kuwaita watu waliokufa. Hakuwa na homa. Familia ikatafuta maombezi ya kufukuza mapepo, kumbe ilikuwa homa ya mapafu. Mwili wa mzee mara nyingi haupandishi joto kama wa kijana. Akili ndiyo inayotangulia kuyumba. Mzee aliyechanganyikiwa ghafla leo, na jana alikuwa mzima, ni mgonjwa wa dharura. Mdomo ukipinda, mkono ukikataa kuinuka, ulimi ukiwa mzito, ni kiharusi, na asipewe chai wala uji kwa kumhurumia, maana kinaweza kuingia mapafuni.

Wazee wenyewe hutupa kazi. Wanakataa. Mmoja alituambia machela ni ya wanaozaa, yeye aachwe na mlima wake. Mwingine alituita pembeni akasema, "Wanangu, mkinipeleka watauza ng'ombe." Alikuwa amefanya hesabu. Ng'ombe huyo ndiye ada ya mjukuu. Ni kweli kwamba sera ya afya inawasamehe malipo wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, na tunao wenye kadi. Lakini kadi hailipi gari. Namba 115 haikuwekwa kwa ajili yao. Mzee mwenye nyonga iliyovunjika hapandi bodaboda, kwa hiyo lazima gari likodiwe, na mwenye gari akisikia ni usiku na ni mgonjwa hutaja bei yake.

Jambo hili lilitugawa mwaka huu. Mfuko wetu ni mdogo, unatokana na mnada wa baada ya ibada: mkungu wa ndizi, kuku, debe la mahindi, tangawizi. Wako waliosema fedha kidogo ziende kwa wenye maisha mbele yao. Hoja hiyo si ya kikatili, aliyeitoa ana watoto watano. Mzee wetu wa kanisa, yule fundi wa kuezeka, aliikumbusha amri ya nne, ya kuwaheshimu baba na mama, akauliza kama inaisha mtu akifika miaka 70. Mwenye watoto watano akamjibu kwamba hata amri ya tano ipo, ya kutoua, na mtoto akifa kwa kukosa nauli ni nani ameua? Wote wawili ni watu wa sala na hakuna aliyeshinda. Mwishowe tuliamua mnada wa Jumapili ya mwisho ya kila mwezi uwe wa wazee, ile mingine ibaki kama ilivyokuwa.

Mnada wa kwanza ulifanyika Jumapili ya mvua. Yule bibi wa watoto tisa alileta kuku mweupe. Alinunuliwa na mwalimu, akamrudisha mezani auzwe tena. Akanunuliwa na mume wa yule dada yetu wa sauti ya pili, naye akamrudisha. Akanunuliwa na kijana wa bodaboda, ambaye alitazama huku na huku kisha akamrudisha pia. Wa nne aliondoka naye. Fedha zote za siku hiyo zilitosha kukodi gari mara mbili. Safari ya kwanza ilitumika Jumanne iliyofuata, kwa babu mmoja wa mtaa wa juu aliyeamka mdomo umepinda. Kengele iligongwa saa kumi na nusu alfajiri, na walitoka watu kumi na mmoja.